Tulivyokwenda Kulenga Shabaha Marangu

Mwaka jana, siku chache baada ya Krismasi, mume wangu alirudi kutoka kwao Marangu na kifurushi cha nyama kilichofungwa kwa jani la mgomba. Lilikuwa fungu la Kelvin, mtoto wetu mdogo. Rehema, dada yake, alikifungua, akatazama chini ya nyama, akauliza, "La kwangu liko wapi?"

Rehema nilikuja naye kwenye ndoa hii akiwa bado anatambaa. Baba anayemjua ni huyu tu. Lakini kwa akina mume wangu, mbuzi wa mwisho wa mwaka hugawanywa kiukoo, kila mtu na kipande chake: kidari cha babu, mapaja ya watoto wake wa kiume, figo za wajukuu. Kelvin alipelekwa kuonyeshwa kwa wazee akiwa mchanga. Rehema alikuwa hajawahi kupelekwa, kila mwaka tulipata sababu ya kuahirisha. Mimi ni mtu wa Singida, na mambo haya ya kujua nani ni nani kwa kutazama sahani nilikuwa nikiyafanyia utani. Siku ile utani ulinikauka mdomoni. Nikamwambia mume wangu, "Mwakani tunakwenda wote."

Basi mwaka huu, alfajiri, tuliondoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kusini mwa Moshi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miwa na barabara haikuonekana mbali. Mume wangu aliendesha polepole, madirisha wazi, na harufu tamu ya kiwandani ikaingia garini. Kelvin alilala mapajani mwangu. Rehema alikuwa macho, amevaa gauni lake la kanisani na raba za shule.

Moshi mjini tulisimama mtaa wa Soweto kununua mkate na sukari, maana ukweni huendi mikono mitupu. Hapo ndipo mlima ulipojitokeza. Chini yake kulikuwa na mawingu matupu, na kile kilele cheupe kilikaa juu peke yake, hakijashikwa na kitu. Nimeishi miaka mingi upande huu na bado nikiuona hivyo nasahau nilichokuwa nikisema. Muuza duka alininyooshea chenji mara mbili kabla sijaipokea.

Baada ya Himo, Rehema aliinama mbele, akaninong'oneza sikioni. "Mama, nikishinda kulenga, watanikatia na mimi?"

Nilimwambia akae vizuri, afunge mkanda.

Uwanja wa shabaha uko chini ya Marangu, pale migomba inapoisha na vichaka vya tambarare kuanza. Mdogo wake mume wangu, Baba Mdogo Ndesario, ndiye anayefundisha hapo, na kila mwisho wa mwaka huwakusanya watoto wa nyumbani kwa mchezo wa bunduki za upepo. Tuliwakuta watoto wake wawili, Joshua na Anna, wamekaa kwenye benchi na vizuia sauti vya masikioni vikining'inia shingoni. Mbele yao kulikuwa na karatasi zenye duara jeusi, na nyuma ya karatasi tuta refu la udongo mwekundu.

"Shikamoo Baba Mdogo," Rehema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Sheria ni hizi. Mdomo wa bunduki hautazami mtu, hata kwa mzaha. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka niseme. Nikisema acha, unaacha. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Kelvin, kwa umri wake, alipewa kazi ya kukaa karibu yangu na kuziba masikio. Wengine walilala kifudifudi kwenye mkeka, mmoja baada ya mwingine. Kulikuwa na utulivu ambao sikuutarajia mahali pa bunduki. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka msituni, na sauti ya maji ya mfereji ilisikika toka upande wa mashamba. Bunduki ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayepiga chafya gizani, kisha kimya kikarudi. Nilikaa nikisinzia macho wazi.

Kisha Ndesario, kwa furaha zake, akaropoka. "Atakayepiga katikati kabisa, figo za leo ni zake!"

Watoto walishangilia. Joshua, mkubwa wao, akasema, "Lakini Baba, figo ni za wajukuu."

"Kwani wote hapa si waju..." Macho ya Ndesario yalimwangukia Rehema, kisha mimi, kisha yakakimbilia kwenye tuta la udongo. Mume wangu aliinuka akaenda kutazama matairi ya gari ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Zamu ya Rehema ikafika. Ndesario alipiga magoti kando yake. "Vuta pumzi. Toa nusu. Sasa bana, ubinye taratibu, usilazimishe."

Nilimwona mwanangu akivuta pumzi, na mimi nikabana yangu. Alichukua muda mrefu. Wingu lilipita kati yetu na karatasi, likaondoka. Mlio ukatoka. Tundu lilikuwa katikati ya duara, na hapakuwa na haja ya kupima.

Mchana tulipanda hadi nyumbani, kwenye kihamba cha Babu, shamba la ukoo, migomba juu na kahawa chini yake, mwanga ukiwa wa kijani hata usoni mwa watu. Wanaume walikuwa wameshachinja. Babu alikaa kwenye kigoda, majani ya mgomba yametandazwa mbele yake, kisu mkononi. Rehema alipiga magoti akamwamkia. Babu alimtazama, akaitikia, kisha akageukia nyama.

Ndesario alianza kueleza, huku akikuna kichwa. "Baba, kuna kitu nimeahidi kule uwanjani. Nilisema mshindi atapata figo. Na mshindi ni huyu."

"Ndesario," Babu alisema, "nani alikutuma kugawa figo za nyumba hii?"

"Nilipitiwa, Baba."

"Figo si zawadi ya mchezo."

Nilimtazama Rehema, nikaona anatazama raba zake.

Babu aliendelea, bila haraka, akinoa kisu kwenye jiwe. "Nikimpa kwa sababu amelenga, mwakani akikosa nimnyime? Hapana. Shabaha ni ya huko kwenu chini. Hapa mtu anapewa kwa kuwa ni wa hapa." Akazipasua figo, akaanza kuita kwa umri, anavyofanya kila mwaka. "Joshua." Joshua akapokea kwa mikono miwili. "Anna." Anna akapokea. Kisha kisu kikakata tena.

"Rehema."

Hakusogea. Anna ilibidi amsukume kidogo begani. Alipopokea, Babu akaita, "Kelvin," kama kwamba hakuna lililotokea, na shughuli ikaendelea. Mume wangu alikuwa anafuta macho akisingizia moshi.

Tulirudi jioni, mvua nyepesi ikitusindikiza hadi Himo. Nilikwenda nikidhani mwanangu atalazimika kushinda ili apate nafasi, na njia nzima nilikuwa nimemwombea alenge vizuri. Nilichojifunza kwa mzee yule ni kwamba nilikuwa naomba kitu kidogo mno.

Nyumbani, jirani yetu Mama Suzi alikuwa akianua nguo. "Rehema, ulishinda huko?"

"Babu aliniita baada ya Anna," Rehema alisema, "kabla ya Kelvin."

Mama Suzi alisema hongera, ingawa niliona hajaelewa kitu. Mimi niliingia ndani upesi, nikalia.