Mchele Uliocheza Juu ya Lokole

Usinikunjie pua kabla sijaanza. Najua unavyofikiri: bibi kizee wa Kisangani, aliishia darasa la sita, ataniambia nini kuhusu masikio? Kaa. Ukitaka kubisha, bisha nikimaliza.

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mdogo wangu Mado alikuwa na sita, na alikuwa kiziwi. Surua ilimchukulia masikio kabla hajajua kusema vizuri. Ungemwita mpaka koo likauke, hageuki. Nyumbani tulizoea. Tulimgusa bega, basi.

Mwaka ule mtoto mchanga wa tonton Alphonse, mdogo wa baba, akafa. Homa, siku mbili. Siku ya matanga wakaleta lokole, lile gogo zito lililochimbwa ndani, linalopigwa kwa fimbo mbili zenye mpira kichwani. Mado alikuwa amekaa chini, ameligeuzia mgongo, anabambua karanga. Pigo la kwanza tu, akageuka. Akaanza kutikisa mabega, anacheka.

Anacheka kwenye matanga. Watu wote wakamgeukia.

Kwetu watu waliamini, na wengine mpaka leo, kwamba mtoto asiyesikia walio hai lakini anasikia lokole, masikio yake ameyapeleka kwa wafu: huyo ni ndoki, mchawi. Na aliyepeleka masikio hashindwi kupeleka na roho ya mtoto mchanga.

"Asisikie mama yake, asikie lokole?" tonton akasema. "Huyu mutoto ndiye alikula wangu."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Wakapanga palepale: kesho Mado apelekwe nyumba ya maombi, siku tatu bila kula wala kunywa, na mafuta ya pilipili masikioni mpaka hicho kitu kitoke. Nilimjua mtoto mmoja aliyepelekwa kule. Alirudi amebebwa.

Mimi nilijua Mado anasikia wapi. Nikiimba, huweka kiganja kwenye koo langu, naye anaimba kwa pua. Na shuleni mwalimu alikuwa ametugongea sufuria yenye maji, maji yakatetemeka, akasema: hiyo ndiyo sauti. Kitu kinatetemeka, kinatetemesha hewa, hewa inagonga ngozi nyembamba ndani ya sikio. Kwa Mado njia hiyo ilikufa. Lakini ardhi nayo hutetemeka. Mifupa pia.

"Tonton, anasikia na matako," nikasema. "Si na masikio."

Mama mmoja wa jirani akacheka, akajiziba mdomo kwa kitenge.

Nikaburuta godoro la sponji toka chumbani, nikamkalisha Mado juu yake, miguu ameikunja isiguse chini, lokole ameligeuzia mgongo. Nikamwambia mpigaji: "Piga, papa." Akapiga. Mado akaendelea na karanga zake. Akapiga tena, kwa nguvu. Karanga. Kisha nikachota mchele kwenye ungo wa wapishi, nikaumwaga juu ya lokole. "Piga sasa." Mchele ukaruka kama umekanyaga makaa.

"Tonton, muchele nayo iko ndoki?"

Kofi lake likanigeuza kichwa. "Pepo imejificha," akasema. "Na huyu mukubwa imemuingia. Kesho munapeleka wote wawili."

Nikamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake.

Aliyetuokoa ni mama. Akanipa ndoo mbele ya wote, akatukaripia: "Mwende kuchota maji, wavivu!" Penye kona akatufikia, akaninyang'anya ile ndoo. "Ingieni pirogue, muvuke muto, mwende kwa Koko, Lubunga. Musirudie hapa." Koko alikuwa mama yake mzazi. Alipotuona hakuuliza habari za pepo. Aliuliza kama tumekula. Tukakulia kwake, ng'ambo ya mto, na Mado akawa fundi cherehani. Sindano ikianza kupinda, vidole vyake vinajua kabla uzi haujakatika.

Miaka mingi nimejiuliza kama lile lilikuwa ujinga tu. Ujinga ningeusamehe. Mimi mwenyewe niliogopa ndoki kama wao, na nisikudanganye, mambo mengine naogopa hadi leo. Lakini watu wale waliona. Mchele uliruka mbele ya macho yao, wakachagua kutoona, kwa sababu mwenye msiba alitaka mtu wa kumbebesha kifo chake, na asiyeweza kujibu ndiye mwepesi kubebeshwa. Hilo ndilo linalonichoma. Si kofi.

Mwezi uliopita tonton amekufa, mzee sana, kitandani kwake. Hakuwahi kumwomba Mado radhi, hata kwa ishara ya mkono. Wakaniita matangani. Sebule imejaa, nyimbo zimekwisha, mwanawe akasema: "Yaya, dada yetu, wewe ndiye mukubwa wetu sasa. Useme neno muzuri juu ya papa."

Nikasimama. "Marehemu," nikasema, "alikuwa na masikio mazima maisha yake yote."

Wakangoja yanayofuata. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka, nikafunga mlango.