Goli Nililompa Mtoto wa Jirani

Mwezi uliopita nilikwenda Sirari kumsalimia mdogo wangu anayeuza mitumba karibu na forodha. Mvua ikanikuta njiani, nikajibanza kwenye kibanda cha chai kilichojaa madereva wa malori. Walikuwa wanabishana juu ya mchezaji mmoja aliyehama timu. Mmoja anasema amepotea. Mwingine, wa ng'ambo ya mpaka kwa jinsi alivyoongea, anamkatalia, "Wacha zako bana, huyo kijana ako sawa." Na mimi, chai mkononi, nikajikuta nimeropoka: "Timu aliyokwenda ina mawinga wawili wa kulia tayari. Wa tatu ni wa nini? Atasugua benchi."

Wote wakageuka. "Mama, kumbe na wewe mpira unaujua!"

Nilicheka tu. Ningewaambia nini? Maneno yenyewe hayakuwa yangu. Niliyasikia nikiwa darasa la tano, kutoka kwa mwalimu wetu, juu ya mchezaji mwingine kabisa. Hebu nikusimulie wewe, maana wale walikuwa na haraka ya kuvuka.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kisaka. Tulihamia pale miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi. Katikati kulikuwa na ghala la mabati, na ndani ya ghala kulikuwa na pamba yetu sote, na juu ya meza ya karani wa ghala kulikuwa na redio ya kijiji. Moja tu. Jumamosi mchana, msimu wa mavuno, kina mama walikaa humo kuchambua pamba, safi huku, fifi, yaani ile chafu, kule, na watoto wenye vidole vyepesi tukaitwa kusaidia. Nakumbuka vumbi lake lilivyowasha puani, na sufuria la viazi vitamu lililochemka nje, na harufu ya mafuta ya mbegu iliyokaa kwenye nguo hadi Jumatatu.

Sasa, betri za redio zilikuwa taabu. Zilikuja dukani kwa mgawo, na mara nyingi hazikuja. Karani alizianika juani kutwa nzima kwenye bati, akazing'ata kwa magego ili zitoe nguvu iliyobaki, na bado sauti ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mwenye kusikia ni yule tu aliyebandika sikio. Tena mtangazaji alitumia Kiswahili cha haraka cha Dar es Salaam, na kina mama wengi pale walijua kilugha tu na Kiswahili cha kununulia chumvi. Kwa hiyo kukawa na utaratibu wake: mtu mmoja anabandika sikio, anasikiliza, halafu anawatangazia wengine kwa kilugha, kwa sauti kubwa, huku kazi inaendelea. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilijua kusoma, na nilikuwa na sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

Usinione mnyenyekevu hapa: niliipenda kazi hiyo kupita kula. Nilikuwa na ndoto ya kuwa mtangazaji. Nyumbani nilishika gunzi la mahindi mbele ya mdomo nikawatangazia kuku mechi ambazo hazikuchezwa. Bibi yangu alisema mtoto huyu ataolewa na redio.

Na maoni nilikuwa nayo. Mtangazaji wa redio yetu ya taifa alikuwa mtu wa heshima, lakini alipenda kueleza mawingu. Mpira uko langoni, yeye anakuambia upepo wa bahari unavuma taratibu na wageni wa heshima wameketi. Mpaka arudi uwanjani, goli limeshaingia na watu wameshashangilia. Karani alimpenda yule wa redio ya Kenya, iliyoshika vizuri kwetu siku za mawingu. "Mura, yule ana pumzi!" alikuwa akisema. Pumzi alikuwa nayo kweli, ila alipiga kelele kwa kila kitu, hata mpira wa kurushwa. Ukimsikiliza yeye moyo unaruka mara arobaini, halafu unaambiwa ni bila kwa bila. Mimi nilimchagua wa kwetu. Afadhali mawingu kuliko kudanganywa. Ndivyo nilivyosema, tena kwa majivuno, na ona yaliyonikuta.

Kijana wa jirani yetu alikuwa winga. Alikulia akichunga ng'ombe wa baba yake, anakimbia nao bila viatu kwenye mbuga za majivu baada ya moto, na ndio maana hakukamatika. Timu ya mkoa ikamchukua Musoma, na tulipomsikia redioni mara ya kwanza ghala zima lilisimama. Halafu timu kubwa ya Dar ikamtaka. Siku zile mchezaji hakununuliwa kama sasa. Alipewa kazi kwenye shirika au kiwanda, asubuhi anabeba maboksi, jioni anafanya mazoezi.

Kijiji kiligawanyika. Mwenyekiti wa kijiji alisema ni sifa kwetu sote, kijana amekwenda kulitumikia taifa. Mwalimu wetu alisema taifa lina mawinga wawili wa kulia kwenye timu hiyo hiyo, wa tatu wa nini, atasugua benchi mpaka suruali itoboke. Karani alisema angevuka tu Kenya. Mama yake alichinja kuku. Alimpa sufuria la ugali wa mtama na kuku wa kukaanga kwa safari, na winga akapanda basi.

Baada ya hapo mama yule alikuja ghalani kila Jumamosi, hata ile isiyokuwa zamu yake. Hakujua kusoma, na barua ilikuwa imekuja moja tu. Jina la mwanawe redioni ndilo lilikuwa barua yake. Miezi ya kwanza alilisikia, mara moja au mbili kwa mechi, akitokea benchi kama Mwalimu alivyosema. Kisha likakatika. Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu shangazi yangu, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, akasema, "Mama Winga, huyo mwanao ameshakuwa mtu wa Dar. Labda na jina kalibadilisha."

"Kama kalibadilisha nitamwita kwa lile nililompa," akajibu, na akaendelea kuchambua.

Lakini wiki ile alikwenda kwa Mwenyekiti kuomba barua ya safari. Ilikuwa huwezi kuondoka tu kijijini bila barua. Angepanda basi la Jumanne na kaka yake hadi Mwanza, halafu treni. Mama ambaye hakuwahi kufika hata Tarime mjini. Kina mama wakamhurumia na kumcheka hapohapo.

Jumamosi ya nne akaja, barua ameifunga kwenye pindo la kanga. Nikabandika sikio. Timu ya winga inacheza. Kila nilipofungua mdomo, mikono yake ilisimama. Nikitangaza jina la mwingine, inashuka kwenye pamba, ila haichambui. Nusu ya kwanza nzima nilitazama ile mikono. Sasa niambie, ungekuwa wewe?

Nikasema, "Anakwenda winga wetu! Anakimbia upande wa kulia!"

Mikono ikaanza kuchambua. Haraka haraka, kama ya msichana. Basi nikamtaja tena. Nikampigisha krosi. Mara redioni kukawa na mlipuko, goli, la mtu ambaye jina lake nililisikia waziwazi, na kabla sijajua ninafanya nini nikapiga kelele: "Goli! Kafunga! Mtoto wa kwetu kafunga!"

We acha tu. Vigelegele vilipanda mpaka bati likaitikia. Pamba safi na fifi zikachanganyika sakafuni. Shangazi yangu, yuleyule, alimbeba mama winga mgongoni akazunguka naye ghala. Mwalimu akaja mbio kutoka shuleni akisema, "Nilikosea! Nakubali nilikosea!" Na mama akafungua pindo la kanga, akaitoa barua ya safari, akampa Mwenyekiti aliyevutwa na vigelegele. "Chukua karatasi yako. Mtu anayefunga magoli si mgonjwa."

Nikaitazama ile karatasi ikiingia mfukoni mwa Mwenyekiti. Nilitaka afurahi. Sikutaka asisafiri.

Jumanne basi likapita bila yeye. Alhamisi likaja gazeti, la siku nyingi kidogo kama kawaida yake, na Mwalimu akalisoma chini ya bendera ya shule, akalisoma tena. Akaniita.

"Wewe mtangazaji. Gazeti linasema aliyefunga ni mwingine. Winga wetu hata kwenye akiba hayumo. Wewe ulisikiliza mechi gani?"

Nikalia. Hakunichapa, na fimbo ilikuwepo. Alisema tu, "Mimi simwambii. Ni goli lako, lipeleke mwenyewe."

Nilimkuta mama winga anakamua ng'ombe. Nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, karibu maziwa. Nikasimama pale mpaka kibuyu kikajaa. Kisha nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, mikono, krosi, gazeti. Hakugeuka. Maziwa yalikwisha kutoka lakini vidole vyake vikaendelea kuvuta, mpaka ng'ombe akapiga teke.

"Kwa hiyo hukumsikia," akasema.

"Sikumsikia, mama. Tangu ile Jumamosi ya kwanza."

Nilisubiri anitukane. Kwetu mama yeyote alikuwa na ruhusa ya kumchapa mtoto yeyote, na fito zilikuwa pale kwenye ua. Badala yake akaniuliza kitu ambacho mpaka leo nikisikia mtangazaji akitaja jina nakikumbuka.

"Na hilo goli ulilompa mwanangu, ulimnyang'anya mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina. Akalirudia polepole, maana lilikuwa jina la pwani na lilimshinda kidogo ulimi.

Asubuhi yake alikuwa kwa Mwenyekiti. "Mama, wewe na barua hii!" Mwenyekiti akasema. "Juzi unaitaka, jana huitaki, leo unaitaka." Akamwandikia nyingine. Jumanne iliyofuata akapanda basi, na mimi nikabeba kikapu chake hadi kituoni, bila kuambiwa.

Alikaa huko karibu mwezi. Alirudi na winga, mguu mmoja umekazwa kwa plasta, magongo mawili. Alivunjika mazoezini. Alikuwa amelala hospitali muda wote ule, na hakuandika kwa sababu aliona haya, alivyokuwa ameagwa kwa heshima zote zile. Watu wa timu walikuja mara ya kwanza na machungwa, halafu hawakuja tena. Mama alipoingia wodini, alisema winga, hakumtambua kwa sababu hakuwahi kumwona mama yake amevaa viatu.

Nilipiga hesabu mwenyewe. Angeondoka Jumanne ya kwanza, angemfikia wiki moja mapema. Wiki moja mtu alilala akitazama mlango kwa sababu ya goli langu. Winga mwenyewe alicheka aliposimuliwa. "Lilikuwa goli zuri?" akaniuliza. "Nilipiga kwa mguu gani?" Alicheka, lakini mimi sikuweza.

Nilidhani nimefukuzwa kazi ya redio. Jumamosi nikakaa nyuma na wachambuaji. Karani akabandika sikio lake, akatangaza dakika kumi, na hakuna aliyeelewa kitu kwa sababu alishangilia tu. Mama winga akasema, "Mrudisheni mtoto. Ila binti, utataja wote."

"Wote nani, mama?"

"Wa timu zote mbili."

Mpaka siku ile wapinzani nilikuwa nawaita "wale" tu. Wale wanakuja, wale wamekosa. Kuanzia siku ile nikawataja, kila aliyegusa mpira, wa Tanga, wa Mwanza, wa Morogoro, aliyefunga na aliyepaisha. Kina mama wa Kisaka wakawa wanajua majina ya vijana ambao hawatawaona maishani. Mmoja alipotolewa nje anachechemea, shangazi yangu aliacha pamba akauliza, "Huyo naye ana mama?" Nikasema sijui. Akasema, "Anaye."

Winga hakucheza tena timu kubwa. Alifundisha watoto wa shule, akaoa, akachunga. Mimi sikuwa mtangazaji, shule yangu iliishia darasa la saba, nikauza vitenge. Ghala waliliezua mabati zamani, na shamba la pamoja liligawanywa, kila mtu na kipande chake. Mwalimu alihamishwa. Mama winga tulimzika mwaka mmoja wa njaa, na kati ya waliobeba jeneza alikuwa winga, anachechemea.

Jumamosi bado nafungulia redio. Watangazaji wa sasa ni hodari, sikatai, hawaelezi mawingu, na sauti inasikika hadi jikoni. Wanaye mtu wa takwimu na mtu wa kuchambua. Naketi kwenye kigoda, na jina likitajwa nalirudia kwa kilugha, lote, la huyu na la yule. Wajukuu wananiuliza naongea na nani. Wao wameshasikia wenyewe.