Taya Lililofungika, na Munganga Niliyemsingizia

Ninyi mnaosoma, hasa wazee wenzangu, nataka mjue jinsi taya langu lilivyofungika na jinsi lilivyofunguka. Sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

Zamani nilikuwa mzima. Nilifanya kazi ya reli miaka mingi, kwenye treni za Kabalo, kisha nikapumzika hapa Kalemie na mke wangu, Mama Agnesi. Katika shirika letu, zile familia za majirani tunaosali pamoja, mimi nilikuwa msemaji. Watu walinisikiliza. Nilipenda pia kula, bukari, yaani ugali, na samaki wa kuchoma, na mifupa niliitafuna.

Jino la mwisho la chini, upande wa kushoto, likaoza. Munganga wa meno aliyeling'oa alikuwa mwanamke kijana, umri wa wajukuu wangu. Alilitoa vizuri. Akanipa dawa, zile za ganda lenye rangi mbili, akasema: "Papa, unameza moja asubui, moja midi, moja magaribi, mpaka ziishe. Kesho kutwa unaanza kufungua kinywa pole pole, hata kama inauma. Usiache taya ilale."

Nilimsikiliza kama mzee anavyomsikiliza mtoto. Nilipofika nyumbani nilifungua ganda moja nikamwaga unga wake ndani ya shimo la jino. Hapa kwetu tunafanya hivyo na vidonda vya miguu, nikaona kidonda ni kidonda. Sikumeza hata moja. Tena nikajifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, taya lisitikisike.

Mama Agnesi aliniangalia. "Papa, ondoa ile kitambaa. Maiti njo wanafungaka vile."

Nilimwonyesha kwa mkono aniache.

Siku ya tano kinywa kilianza kunuka. Usaha ulikuwa na ladha ya chuma. Maumivu yalipanda mpaka sikioni, yakashuka shingoni. Baada ya wiki tatu hata kidole kimoja hakikupita kati ya meno. Mdomo wa chini ulikufa ganzi, uji ukatiririka mpaka kwenye shati bila mimi kujua. Nilikunywa uji na mchuzi kwa mrija. Suruali zikanipwaya.

Majirani walikuja kunipa pole. Walipouliza imekuwaje, nilijibu kupitia meno: "Yule mutoto alinivunja taya." Nilisema hivyo siku ya kwanza kwa sababu ya aibu. Siku zilizofuata nilisema kwa sababu nilikuwa nimeshasema. Nikayarudia maneno hayo mbele ya shirika zima. Baada ya hapo ningerudije kwake? Na munganga mwingine wa meno sikumjua.

Miezi miwili ikapita. Nilijua ninakwisha. Sikulia, wala sikuogopa. Nilikaa kwenye kiti kama mtu anayesikia habari za ugonjwa wa mtu mwingine.

Dada yangu Feza akaja kwa boti kutoka Zongwe, akileta samaki wakavu. Alinikuta nikimsema munganga kwa mgeni mmoja. Mgeni alipotoka, Feza akapiga makofi.

"Kaka, kinywa yako inakatala bukari, inakatala samaki, lakini kusema watu mubaya inafunguka muzuri!"

Mama Agnesi akacheka mpaka akashika mlango. Feza hakucheka. "Dawa ulimeza?"

Nikamwambia ukweli. Mke wangu akaacha kucheka. Hakuwa anajua.

"Kesho asubui tunaenda," Feza akasema.

"Nitamwangalia na macho gani?"

"Na yale mbili uko nayo."

Munganga alikuwa ameshasikia. "Papa, wanasema nilikuvunja taya." Nikamweleza yote: unga, kitambaa, maneno yangu. Hakunigombeza. Wala hakuniambia amenisamehe. Alivaa glavu tu. Aliosha shimo, akatoa kipande cha mfupa uliokufa, akanipa dawa nyingine na kunisimamia nikimeza ya kwanza. Taya halikuvunjika, alisema. Misuli ndiyo iliyokakamaa.

Kisha akachukua vijiti bapa vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi, akavipanga vinne na kuvisukuma kati ya meno yangu. "Dakika tano, mara sita kwa siku. Kabla yake unaweka kitambaa cha maji ya moto kwenye shavu. Kila siku tatu unaongeza kimoja. Ikikatala, ngoja. Usipige na nyundo, Papa."

Mama Agnesi alihesabu dakika, mimi nilihesabu vijiti. Machozi yalitoka yenyewe. Vinane, siku nyingi bila kuongezeka. Kumi na viwili. Kumi na vinane. Mwezi wa nne wa vijiti, vidole viwili vilipita, nikala bukari laini. Ganzi ya mdomo wa chini bado haijaisha.

Siku hiyo ya bukari nilisimama mbele ya shirika nikasema: munganga hakunivunja, niliwadanganya. Nilidhani wataimba kumshukuru Mungu. Hawakuimba. Mama Sofi, mjane wa jirani yetu, akauliza: "Papa, jino yangu ilipouma nilikuuliza kama niende kwake. Ulinikataza. Nikaenda kwa yule wa koleo sokoni, akang'oa mbili na ya tatu akaacha kipande ndani. Sasa?"

Mama Sofi akanisogelea.

"Basi kesho weye njo utanipeleka."

Namshukuru Mungu, na mke wangu, na Feza, na munganga yule. Mkipewa dawa ya kumeza, mezeni. Mkiambiwa fungueni kinywa, kifungueni, hata kama aliyesema ni mdogo kwenu. Na mkikosea, rudini mapema kwake yeye mwenyewe.

Kesho yake, baada ya siku ile ya shirika, nilikaa na Mama Sofi kwenye benchi la munganga. Jina lake lilipoitwa hakusimama.

"Papa, unisemee kweli leo. Itauma?"

"Itauma," nikamwambia.

Akasimama, akaingia.