Njoo Unywe Maji, Baba

Wenzangu wa timu wameniomba niisimulie habari hii mwenyewe, kwa sababu wao wakiisimulia huongeza chumvi, na kila wiki inayopita mimi nazidi kuwa mnene na goli langu linazidi kuwa la mkono. Basi nitaisimulia kama ilivyokuwa. Aibu ni yangu, na nadhani mwenye aibu ana haki ya kuipima kwa mizani yake.

Mimi ni fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, kando ya ziwa. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, magazeti ya zamani, vitabu vya kuazima, na karatasi yoyote iliyofungiwa vitumbua ikiwa bado inasomeka. Kwa hiyo jioni, kwenye kijiwe cha kahawa mtaani kwetu Gungu, watu hunipa nafasi ya kusema, na mada yangu kwa miaka yote imekuwa moja: uongozi wa Afrika. Hoja yangu ni kwamba viongozi wetu wanajua sana kuingia, tatizo lao ni kutoka. Nimelisema neno kung'atuka mara nyingi kiasi kwamba vijana wa bodaboda wakinipita hunipigia honi na kuniita Mzee Ng'atuka. (Nilikuwa nalipenda jina hilo. Nililiona kama cheo.)

Sasa, mimi huyo huyo ndiye mwenyekiti wa timu ya maveterani wa Gungu, na ndiye nahodha, na ndiye kiungo wa kati. Kocha ni Yasini, mwalimu wa shule ya msingi, mume wa binti yangu mkubwa Mwajuma. Wapo waliosema nimejaza ndugu. Niliwajibu kwamba Yasini ana cheti cha ukocha, na ni kweli anacho, ingawa sasa nakumbuka kwamba kila rais aliyempa mkwewe wizara naye huwa na jibu linalofanana na hilo.

Siku ya mkasa tulicheza na maveterani wa Bangwe, fainali, kwenye uwanja wa Ujiji. Mshindi angesafiri kwa boti kwenda Rumonge, upande wa Burundi, kucheza na maveterani wa huko waliotualika, na tajiri mmoja wa dagaa alikwisha kuahidi boti na mafuta. Kwa wengi wetu ilikuwa matembezi tu. Kwa Nestori ilikuwa jambo jingine. Nestori ni fundi baiskeli, wazazi wake walitoka Burundi wakahamia huku, na dada yake mkubwa anaishi Rumonge. Hawajaonana tangu walipomzika mama yao. Alikuwa akifanya mazoezi kuliko sote. Tatizo lake lilikuwa moja tu, naye anacheza kiungo wa kati. Kwa hiyo alikuwa anakaa benchi, na mimi nilikuwa nampa moyo.

Mpaka mapumziko ilikuwa sare ya bila kwa bila. Nilikuwa nimechoka vibaya na goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba, na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa mkasa wote, maana Yasini alinijia taratibu, akachuchumaa (hakusimama, asije akanitazama kutoka juu), akauliza, "Baba, goti linasemaje?"

Nikamjibu, "Goti halina kura."

Watu wakacheka, nami nikafurahi kuwa nimesema neno zuri, tukarudi uwanjani.

Kipindi cha pili mpira ulikuwa unapita kushoto kwangu na kulia kwangu, mimi nikiusindikiza kwa macho. Ndipo nikamsikia Yasini kutoka pembeni, kwa sauti ile ile anayotumia akibisha hodi nyumbani kwangu: "Baba! Njoo unywe maji!"

Asiye wa huku lazima aelewe jambo hili. Mkwe hamfokei mkwewe. Siku Yasini alipokuja kwangu mara ya kwanza alikaribishwa kiti mara tatu ndipo akakaa, tena pembeni kabisa, nikadhani ataanguka. Mtu wa namna hiyo angewezaje kusimama mbele ya nusu ya mji akaniambia "toka"? Alitafuta neno la heshima kuliko yote aliyokuwa nayo, nami nikalipokea kama lilivyo. Nikasema moyoni, binti yangu ameolewa na mtu mwenye huruma. Nikaenda, nikanywa maji, mengine nikajimwagia kichwani.

Nestori alikuwa amesimama mstarini. Refa akampa ishara, naye akanigusa bega, "Pole na kazi, Mwenyekiti," akaingia mbio. (Nimeulizwa mara nyingi, hivi kweli hukumwona? Nilimwona. Nilidhani ameingia badala ya beki wetu wa kulia, aliyekuwa akichechemea hata kunishinda mimi.) Nikaweka chupa chini, nikafunga kamba ya kiatu, nikarudi uwanjani. Yasini alifungua mdomo, akaufunga.

Tukapata kona. Mtu wa Bangwe aliyekuwa akinikaba tangu mwanzo alikuwa ameshaniona nikitoka, kwa hiyo sasa alimkaba Nestori, na mimi nikabaki peke yangu mbele ya lango kama bidhaa iliyosahaulika bandarini. Mpira ukaja, ukanigonga paja, ukaingia.

Sikuwa nimewahi kufunga goli katika fainali. Mtu wa miaka hamsini na tatu, mwenye wajukuu wawili, nilitandaza mikono kama ndege nikakimbia mpaka mbele ya mashabiki wa Bangwe, nikazunguka, nikarudi, na goti wala sikulisikia. Nilipofika katikati nikamkuta nahodha wao, Kassimu, mnunuzi wa dagaa ambaye mashine zake zote nazitengeneza mimi, akimwambia refa, "Hawa wako kumi na wawili!"

Nikamwambia, "Kassimu, mkifungwa mnageuka maofisa wa sensa!"

"Fundi, wako wengi. Macho ninayo."

Hapo ningenyamaza, refa angefanya kazi yake na aibu ingekuwa ndogo. Lakini mimi sheria za mpira nimezisoma, zote, na mtu aliyejisomea ana ugonjwa wa kutaka ionekane kwamba alisoma. Nikainua mkono. Nikasema kwa sauti ya kijiweni kwamba haki haiogopi hesabu, kwamba Afrika imeharibiwa na watu wanaokataa kuhesabiwa, na kwamba Gungu itahesabiwa hadharani. Nikawapanga wenzangu mstari mmoja, nikapita mbele yao kama anayekagua gwaride, nikigusa bega moja moja na kutaja idadi, na uwanja wote ulinyamaza kunisikiliza.

"Kumi na mmoja!" nikasema. "Nani ana la ziada?"

Mama mmoja, muuza dagaa, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake nyuma ya mstari, akauliza kwa upole kabisa: "Na wewe unayehesabu, baba, ni wa timu gani?"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nikamgeukia Yasini, bado nikiwa na tumaini dogo.

"Kocha, ulinitoa?"

Akatazama nyasi. "Baba... nilikwambia uje unywe maji."

Wale vijana wa bodaboda walikuwa wamekuja wengi. Sijui nani alianza, lakini ilianza: "Ng'a-tu-ka! Ng'a-tu-ka!" na honi zikiitikia. Refa alinipa kadi ya njano, akalifuta goli, Kassimu akanipigia saluti. Nimevuka ziwa hili kwenye mawimbi ya kutapisha, lakini safari ndefu kuliko zote maishani mwangu ilikuwa kutoka katikati ya uwanja ule mpaka benchi.

Na hapo kwenye benchi nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona, kwa kuwa siku zote nilikuwa ndani: timu yetu ilikuwa nzuri. Mpira ulikuwa unapita katikati bila kusimama. Nestori aliutuliza, akautoa, akaufuata, na muda si mrefu akapiga shuti lililomwacha kipa wa Bangwe akiwa amekaa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Tukashinda moja bila. Nestori alinijia akitokwa na jasho, nikamwambia, "Unakwenda kwa dada." Akajibu "ndiyo" kwa lugha ya wazazi wake, "Ego, Mwenyekiti," basi, akainama kufungua viatu ili nisimwone machozi.

Jioni Yasini akaja nyumbani na Mwajuma, akakaa kwenye ule ukingo wake wa kiti. "Baba, nimekuja kuomba msamaha. Nilishindwa kusema."

Nilikuwa nimefikiri njia nzima. Nikamwambia kosa si lake peke yake; hata hao wakubwa tunaowasema, pengine kila siku kuna mtu anawaambia waje wanywe maji, nao wanakunywa, wanashukuru, wanarudi. "Kwa hiyo leo utajifunza. Sema: toka."

"Baba, siwezi."

"Sema."

"Toka," akanong'ona, "tafadhali, Baba."

"Hata mbuzi hatoki kwa sauti hiyo. Simama. Uwanja umejaa, mimi ni kiziwi. Sema!"

Mwalimu, akishasimama, ualimu wake humrudia. Akavuta pumzi, akafumba macho, akapaza sauti ya gwaride la asubuhi: "TOKA! NIMESEMA TOKA!"

Mke wangu aliingia na mwiko, ugali ukidondoka. "Yasini! Unamfukuza mzee nyumbani kwake?" Mwajuma akaanza kulia, jirani naye akaita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Mama Mwajuma, kuna usalama huko?" na maskini Yasini, badala ya kueleza, akapiga magoti kumwomba mama mkwe msamaha, jambo lililomfanya aonekane mwenye hatia zaidi. Ilinichukua muda kueleza, kwanza ndani, kisha ukutani kwa jirani, ambaye hakuamini, na asubuhi kijiwe kizima kilijua kwamba nimefukuzwa mara mbili kwa siku moja.

Unahodha na nafasi yangu uwanjani nilimwachia Nestori wiki ile ile. Kijiweni bado nasema habari za uongozi, sema siku hizi simwulizi tena kiongozi kwa nini hatoki kabla sijauliza ni nani aliye karibu naye, na anatumia neno gani.

Rumonge tulikwenda wote. Dada yake Nestori alikuwa ufukweni tangu mapema, amejifunga kitenge kipya, na walipokumbatiana sisi wengine tukajifanya tunashusha mizigo. Kisha tukaenda uwanjani, na wakati timu inapasha misuli nikafungua kidogo vifungo vya shati langu, maana jua lilikuwa kali.

Yasini akanitazama kifuani. Ndani ya shati nilikuwa nimevaa jezi. (Kwa tahadhari tu. Mtu anaweza kuumia.)

Hakuniita pembeni wala hakutafuta neno la heshima. Alisema mbele ya wenyeji na wageni, kwa sauti iliyonyooka: "Baba, vua."

Nikaivua. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyotegemea.