Kinanda Bubu na Wimbo wa Sauti Mbili

Mimi ni sauti ya pili. Nimekuwa sauti ya pili kanisani kwetu Boito kwa miaka zaidi ya ishirini, na nitakuambia kitu ambacho watu wa sauti ya kwanza hawakijui: sauti ya pili ikiimba peke yake, huo si wimbo. Ni mtu anaguna tu. Hata ng'ombe wangu wakinisikia nikiimba wakati wa kukamua hugeuza kichwa kuangalia kama ninaumwa.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya rafiki yangu. Yeye si mzaliwa wa huku. Alikuja akiwa msichana kutoka upande wa ziwa, akaandikwa kuchuna chai kwa kampuni, akapewa nyumba ya kampuni, akazaa hapo, akaota mvi hapo. Mimi niko ng'ambo ya barabara, kwenye shamba la mume wangu, na chai yangu kidogo na ng'ombe watatu. Kwaya ndiyo ilitukutanisha. Mwanzoni sikumpenda, nilimwona anajidai. Baadaye nikajua ni kweli anaweza.

Wimbo ninaotaka kuusema aliutunga yeye, kichwani, akichuna chai, siku zile mume wangu alikuwa amelazwa. Tuliuimba mara ya kwanza kwa mazishi ya mume wangu. Haukuandikwa mahali popote. Yeye anaanza, mimi ninaingia chini yake, na ukifika katikati mimi ninapanda na yeye anashuka, tunapishana. Ukimtoa mmoja, hausimami. Wakati mmoja nilikuwa na homa, akajaribu kuuimba peke yake kanisani, akakwama hapo katikati, watu wote wakimwangalia. Alikuja moja kwa moja hadi kitandani kwangu kunigombeza kwa kuugua.

Halafu mashine za kuchuna chai zikaletwa, na kazi ya watu ikapungua, na mwishowe zamu yake ikafika. Alikuja kuniambia Alhamisi. Anarudi kwao, nyumba ya kampuni anaiacha, pikapu imeshapatikana, safari ni Jumamosi. Nililia, sitaki kudanganya. Halafu nikakasirika, maana mimi nikimaliza kulia hukasirika.

"Huo wimbo hauendi hivi hivi," nikamwambia. "Kabla hujaenda tutaurekodi, wewe na mimi, ubaki."

"Utaurekodi na nini?"

"Na kompyuta."

Akacheka. "Yawa! Wewe unajua kompyuta?"

Sikujua. Lakini binti yangu, ambaye siku hizi anauza katika duka moja huko Nairobi, alisomea muziki kidogo, na aliniachia chumbani kompyuta yake ya zamani, maikrofoni, na kinanda kidogo cheusi. Mimi ndiye ninayepiga kinanda cha kanisa Jumapili. Nikafikiri, kinanda ni kinanda. Kumbe.

Jumamosi alifika saa nne asubuhi. Pikapu iliingia hadi uani kwangu ikiwa imejaa hadi juu, turubai imefungwa kwa kamba, na ikaegeshwa chini kabisa ya dirisha la sebuleni. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Akatuambia saa sita lazima aondoke, mvua isimpate kwa ile milima, akavuta kofia usoni akalala hapo hapo kwenye kiti.

Saa mbili nzima! Nikaona ni nyingi. Nilikuwa nimepika chai na viazi vitamu. Tukanywa kwanza, tukaongea maneno ya ovyo, maana hakuna mtu alitaka kuongea yale mengine. Halafu nikachomeka waya wa kinanda kwa kompyuta, taa nyekundu ikawaka, nikaweka vidole.

Kimya.

Nikabonyeza tena kwa nguvu. Nikazungusha kila kitu kinachozunguka. Rafiki yangu akakiinua, akakitingisha, akaweka sikio.

"Hiki kimekufa," akasema.

"Hakijafa, taa inawaka."

"Hata maiti huwashiwa taa."

Nikampigia binti. Ndipo nikaambiwa jambo ambalo mpaka leo linanichanganya. Hiki kinanda hakina sauti. Hakikuwa nayo hata siku ya kutengenezwa. Kazi yake ni kuambia kompyuta kidole kimegusa wapi na kwa nguvu gani, basi. Sauti yenyewe iko kwa kompyuta.

"Kwa hivyo nimeweka mezani mbao yenye taa," nikasema.

"Mum, inaitwa MIDI."

"Hata ikiitwa nini, kinanda bila sauti ni cha nini?"

Akaniuliza nimetumia waya gani. Nikamwambia ule mweupe. Akasema huo ni wa kuchaji simu, unapeleka stima peke yake, haupeleki habari. Haiya! Nyaya mbili, mdomo mmoja, moja inaongea na nyingine haiongei. Nilipekua droo tatu nikapata mwingine, mweusi, nikachomeka, na kweli, kwenye kioo cha kompyuta kijistari cha kijani kikaanza kurukaruka kila nikibonyeza. Rafiki yangu akapiga makofi.

"Sasa imekusikia!"

Imenisikia, ndiyo. Lakini sisi hatukuisikia. Nikibonyeza, kijani kinapanda, nikiachilia, kinashuka, chumba kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Hapo akaniambia kitu ambacho ningekishika, hii hadithi ingekuwa nyingine. Akasema, "Si turekodi na simu tu, niende?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia siwezi kuweka wimbo wa mazishi ya mzee wangu kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kuku wakipiga kelele nyuma. Nikamwambia kama ana haraka ya kwenda, aende. Akachukua kiazi kingine akakimenya polepole, na mimi nikageukia kompyuta kama mwenye kazi nyingi. Nilikuwa na aibu, lakini aibu yangu huwa inatoka na hasira.

Na usifikiri tungeimba tu bila kinanda. Mwalimu aliyetufundisha kwaya alikuwa mkali kuliko polisi. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kufungua mdomo kabla kinanda hakijatoa doo, ile noti ya kuanzia. Ukijianzishia wimbo, alikuita mwizi mbele ya watu wote. Miaka yote hiyo sisi wawili hatukuwahi kuanza wimbo huo bila mimi kumpa doo kwa kinanda. Kwa hivyo tulikaa, wanawake wazima wawili wenye maikrofoni inayofanya kazi vizuri, tukingojea kipande cha plastiki kituruhusu.

Nikampigia binti tena. Sasa akasema hakuna ala kwenye ile programu ya kurekodi, ndiyo maana. Nitafute piano kwenye orodha niivute hadi kwa mstari wangu. Orodha ilikuwa ndefu kuliko ya harambee. Nikavuta, ikaanguka pengine. Nikavuta tena, ikakaa. Kijani kikaruka. Kimya.

"Angalia sauti isiwe imezimwa."

Haikuwa imezimwa.

"Zima kompyuta uwashe."

Nikazima, nikawasha. Hiyo kompyuta huamka kama mlevi. Tulingoja mpaka chai ikapoa. Kimya.

"Mum, angalia mahali pameandikwa sauti itokee wapi. Unisomee."

Nikaweka miwani. Nikamsomea: imeandikwa spika, halafu herufi mbili, halafu namba.

"Spika? Basi hapo ni sawa. Paache hapo, usiguse."

Sikugusa. Mimi nani? Nikaambiwa pako sawa, nikaamini pako sawa. Kisha akasema bosi wake ameingia, atanipigia baadaye, akakata.

Saa sita ilikuwa imekaribia na wingu limeanza kujaza upande wa msitu. Nilikuwa nimechanganyikiwa hata sijui nimechanganywa na nini. Kila nilichouliza nilijibiwa kiko sawa. Waya sawa, taa sawa, piano sawa, spika sawa. Kama kila kitu kiko sawa, mbona sisikii? Nikaanza kushuku masikio yangu. Nikamwuliza rafiki yangu kama yeye anasikia, akasema anasikia kuku tu. Nikaanza kupiga vile vibao vya kinanda kwa ngumi, doo, doo, doo, kwa hasira, na machozi yananitoka kabisa.

Mlango ukagongwa. Ni dereva, usingizi bado machoni, amekasirika.

"Mama," akamwambia rafiki yangu, "simu yako huko kwa mizigo inalia tangu asubuhi. Nimeshindwa kulala. Inanyamaza kidogo, inaanza tena. Sasa hivi imelia ni kama mtu anapigwa."

"Simu yangu iko hapa," akasema, akaitoa kifuani.

Tukaangaliana. Nikarudi kwa kinanda nikabonyeza doo, mara moja, nikaishikilia. Na kwa mbali, nje, chini ya turubai, chini ya magodoro na kabati na madebe ya mahindi, kitu kikaguna: dooo.

Woi, Mungu wangu!

Ilikuwa spika yake, ndiyo ile yenye herufi mbili na namba. Ile ndogo ya bluetooth ya kuweka redio. Krismasi tulipofanyia mazoezi kwangu, aliileta, na binti yangu akaiunganisha na kompyuta hii ili tusikie vizuri. Kompyuta haikusahau. Asubuhi hiyo rafiki yangu alikuwa akisikiliza nyimbo huku akifunga mizigo, akaitupa katikati ya blanketi bila kuizima. Asubuhi yote nilikuwa nikipigia blanketi piano.

Tulicheka mpaka nikashika meza. Alicheka na kulia pamoja, akinipiga begani. Kisha nikasema haraka, fungua turubai tuitoe. Dereva akaangalia juu. Tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka kwa mabati.

"Hapana, Mama. Nikifungua sasa, magodoro yataloa. Na ile barabara ikiloa hatutoki."

Nikambembeleza. Nikamwambia ni dakika tano, nikamwita "mwanangu", nikamwahidi maziwa. Akasema ameshangoja ya kutosha, na kusema kweli alikuwa amengoja. Akaingia akawasha gari.

Rafiki yangu akanishika mikono. Hatukusema kwaheri vizuri. Akapanda mbele, akafungua kioo, akatoa kichwa.

"Nenda ndani," akaniita. "Nipe doo!"

Nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu shule. Nikafika kwa kinanda, nikabonyeza, na doo ikatoka kwa mizigo yake, na yeye akaipokea akaanza. Alianza kwa sauti yote, kichwa nje, mvua ikimpiga usoni. Nami nikaingia chini yake nikiwa sebuleni, nikipiga kinanda nisichokisikia vizuri, nikipayuka kupitia dirishani. Gari likarudi nyuma polepole hadi getini. Tukamaliza ubeti wa kwanza. Kuhusu kurekodi, hata sikukumbuka.

Kwenye ubeti wa pili gari lilikuwa limeshika barabara. Nilimsikia bado, nyembamba, kabla hawajafika kibanda cha kupimia majani ya chai. Nikafika pale katikati, pale mimi ninapopanda na yeye anashuka. Nikapanda. Sikusikia kama alishuka.

Na hapo ndipo kinanda kikalia. Ndani ya nyumba, kutoka kwa kompyuta yenyewe, kwa nguvu, kila kibao na sauti yake, mpaka nikaruka nikaondoa mikono.

Binti alinipigia akanieleza. Spika ikienda mbali, kompyuta huirudisha sauti kwake yenyewe. Hakukuwa na kitu kilichoharibika, akasema. Ni vile tu mizigo ya rafiki yangu ilikuwa bado karibu na nyumba. Alipoenda, kila kitu kikafanya kazi.