Kupanda Gahinga na Mama Mkwe

Niseme mapema: mimi sikutaka kwenda mlimani. Mtu aliyekimbia Fizi, Congo, kwa miguu, akavuka ziwa, akalala porini, hana hamu tena na milima ya mtu yeyote. Lakini mwaka ule wa 2014 mama mkwe wangu alikuwa amekubaliwa kwenda ng'ambo kwa mwanawe, siku ya ndege inakaribia, naye akaapa hapandi kabla hajaiona Congo kwa macho yake. Na ataiona kutoka juu ya mlima, aombe hukohuko juu, kama mama zake walivyoomba. Mwanawe wa ng'ambo akatuma nauli na kila kilichohitajika. Nikakosa hata kisingizio cha umaskini.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hatusemezani uso kwa uso, hatugusani, haniiti kwa jina, na nikikutana naye njiani mimi ndiye wa kupisha. Ni heshima, na nyumbani ni heshima nzuri kwa kuwa inapunguza ugomvi. Tangu nioe, maneno yetu yote yamepita kwa mke wangu Nyota, hata tukiwa tumeketi kwenye mkeka mmoja. Haya, chukua utaratibu huo uupeleke mlimani.

Nakivale, kambi ya wakimbizi tunakoishi huku Uganda, jioni moja kabla ya safari, tulikaa nje ya nyumba kuchagua mlima.

"Nyota, ambia bwana yako tutapanda Muhabura," mama mkwe akasema. Muhabura ndio mrefu kuliko yote pale Kisoro, karibu na mpaka wa Congo, na yeye aliujua kwa kusikia tu.

"Nyota, mwambie mama mlima ule unawashinda hata vijana."

"Ambia bwana yako mimi nilizalikwa mu milima. Yeye alizalikwa mu boutique."

Ni kweli baba yangu alikuwa na duka. Lakini maneno gani hayo?

"Nyota, mwambie mama kwamba hata akifika kileleni, Fizi haionekani. Ni mbali mno."

"Congo ni Congo. Na mulima mudogo, maombi madogo."

Nyota alikuwa anarudia kila neno, kutoka kwake kuja kwangu na kutoka kwangu kwenda kwake, kana kwamba sisi wawili ni viziwi. Nikaenda kulala na kichwa kinaniuma.

Mbarara tulifika mchana, tukateremka na mizigo yetu kwenda moja kwa moja kambi ya jeshi. Nyota huwauzia vitenge wake wa wanajeshi, na mume wa mteja wake mmoja, Afande Tumwine, aliwahi kulinda mpaka huko Kisoro. Tulimkuta nje ya nyumba yake amevaa kandambili, anamenya matoke. Nikashangilia moyoni: hatimaye mtu wa tatu, mwenye akili, anayeruhusiwa kusema na kila mtu.

"Muhabura?" Afande akaweka kisu chini, akamgeukia mama mkwe. "Hapana, nyabo. Ile mulima ilimaliza mimi, na mimi ni soja. Unapanda, unapanda, yeye iko nakuangalia tu."

"Mungu atanipa miguu," mama mkwe akajibu.

"Mungu ameshapatia wewe miguu. Leo tunaangalia kama inafanya kazi."

Akatupeleka kwenye kilima nyuma ya kambi, atupime. Nyota alikipanda mbio, akatungoja juu akicheka. Mama mkwe alipanda polepole bila kusimama, mikono nyuma, kama anayekwenda shambani asikotaka kufika. Mimi nilikuwa wa mwisho, nahema, na hakuna aliyejali.

"Mama iko sawa kwa Gahinga," Afande akaamua. "Muhabura, apana."

Mama mkwe akanuna, midomo ikatoka mbele. Gahinga ndio mdogo kuliko yote. Ndipo Afande akasema neno lililotuokoa: "Sikia, nyabo. Juu ya Muhabura utaangalia Rwanda mingi. Gahinga ni kidogo, lakini iko karibu na Congo."

Midomo ikarudi mahali pake: "Nyota, ambia bwana yako tunapanda Gahinga." Akalisema kama lilikuwa wazo lake tangu mwanzo! Mimi nilikuwa nimesihi tuache Muhabura mpaka mdomo ukakauka, na hakuna aliyeniambia hata pole.

Kisoro tulilala usiku wa baridi ya kutosha kuua kuku. Basi la kututoa Mbarara lilikuwa limetuchosha sote, Nyota ameketi katikati yetu njia nzima akipokezana ujumbe. "Mama anauliza kama umefunga dirisha." Dirisha lenyewe lilikuwa sikioni mwangu.

Asubuhi, kwenye lango la hifadhi, walitupa kiongozi, bwana mmoja wa Kisoro mwenye maneno machache, pamoja na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Tukaanza vizuri. Mashamba yakaisha, mianzi ikaanza, ardhi ikawa tope. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwa mama mkwe. Amechoka? Anayumba? Hapana, anakwenda mwendo wake uleule wa shambani. Na katikati ya mianzi hiyo, aliyeketi chini ghafla, uso umepauka, akatapika maji matupu, alikuwa Nyota.

"Umekula nini asubuhi?" nikamuuliza.

"Sikula."

"Kwa nini?"

"Nimefunga. Tangu jana."

"Nani alikuambia ufunge?"

"Maombi ni ya mama. Yeye ni mzee, hawezi kufunga na kupanda. Nikafunga kwa niaba yake."

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye jiwe anatafuna muhogo. Jamani! Tumempima mama, tumebadilisha mlima kwa ajili ya mama, na hakuna aliyemuuliza huyu kama amekula. Nilikuwa na maneno ya kumwambia mama mkwe, mengi tu. Lakini mtu wa kuyapeleka ndiye huyo anatapika.

Nikataka tushuke wote. Nyota akanishika suruali. "Bahati, kesho tunarudi, na ndege haingoji. Asipoona leo, haoni tena. Mpandishe mama."

Tukampa biskuti na chai, askari akabaki naye. Tukaendelea watatu, kiongozi mbele.

Hapo ndipo nilipojua taabu. Mama mkwe hakutaka kuvunja mwiko, kwa hiyo akawa anasema na mianzi. "Hii njia inateleza," akauambia mwanzi. Nami nikaviambia viatu vyangu: "Mbele kuna mzizi." "Kuna mutu ana maji?" akauliza hewani. Nikaiweka chupa juu ya jiwe, nikasogea, akaja kuichukua. Kiongozi alitutazama kwa muda mrefu, nadhani alidhani sisi tumegombana au ni wagonjwa.

Karibu na juu kuna ngazi za miti. Kwenye moja, kipago kimoja kilikuwa kimekatika. Kiongozi alipanda, akainama, akamshika mama mkono. Mama akapanda vipago vya kwanza, akainua mguu kutafuta kinachofuata, mguu haukufika. Akabaki ananing'inia hapo, kitenge kinapepea. Mimi nilisimama mbali nikitazama kuvu za mti, kama mwanamume aliyelelewa vizuri.

"Wewe bwana, msaidie chini huko!" kiongozi akapiga kelele.

"Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

"Basi ataanguka na heshima zake!"

Niliona mguu wake ukitetemeka. Nikaapa ndani ya moyo kwamba nikirudi Nakivale sipandi tena hata kichuguu. Kisha nikasikia sauti kutoka juu, ndogo, haisemi na mwanzi wala mti.

"Bahati."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwake.

"Mama."

"Fumba macho. Njoo."

Nikafumba macho, nikapapasa mpaka ngazini, nikapanda vipago viwili, nikatega bega. Mguu wake ukanikanyaga begani, wenye tope na baridi, mwepesi kuliko nilivyodhani. Akasukuma mara moja, akapita.

Juu kulikuwa na ukungu. Bila shaka! Tulikaa humo, tunatetemeka, nikihesabu lawama zangu moja moja. Kisha upepo ukaufungua upande mmoja, na kiongozi akanyoosha kidole: mashamba, mabati yanayong'aa, moshi wa mtu anayechoma takataka. "Kule ni Congo."

Nilingoja aimbe, au alie. Akatazama tu.

"Kwetu iko nyuma ya pale?" akauliza. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Hapana, mama. Kwetu ni mbali sana. Hapaonekani."

"Nilijua. Nyota alinipasha, nikasikia. Lakini habari kama ile, mutu anapashwa na mutu mwenyewe, si kwa kutumiwa." Akafunga kitenge vizuri. "Haya, tuombe. Nyota ana njaa."

Aliomba kwa ufupi. Ukungu ukarudi kabla hajasema amina. Kwenye ngazi ile nilifumba macho bila kuambiwa, bega likakanyagwa tena.

Tulimkuta Nyota amekaa na askari, nguvu zimemrudi kidogo, pakiti ya biskuti tupu. Mama mkwe akaketi kando yake na kusema: "Nyota, ambia bwana yako anashuka mbio sana. Atatuangusha." Mbio! Na mimi ndiye niliyekuwa nyuma.

Nakivale tulirudi na magoti yanauma, na mimi bega. Watu wakaniuliza mlima gani unafaa, maana nao walitaka kwenda kuomba. Nikawajibu kwa hasira ile ile ya mlimani: usitazame mzee peke yake, mtazame na anayejiona shujaa. Uliza kila mtu amekula nini. Na kabla hamjaondoka, mwulizane nani anaruhusiwa kumshika nani, kwa kuwa mlima haujui ukwe.

Siku ya kuondoka kwake, basi la wasafiri lilisimama barabarani, vumbi limejaa. Nyota na watoto wetu walikuwa nje, chini ya dirisha lake, wanalia. Mimi nilisimama nyuma yao, mahali panaponistahili.

"Nyota, ambia bwana yako..." mama mkwe akaanza. Akainua uso, akaniangalia juu ya vichwa vya watoto.

"Bahati," akasema. "Fumba macho."

Nikafumba. Nilisikia kilio chake, cha mtu mzima, mpaka mngurumo wa basi ukakifunika. Nilipofumbua, lilikuwa limekwisha kata kona.