Mguu wa Kulia

Ukitaka kumkasirisha Clavery wa Bugene, usimtukane. Mwambie tu kwamba siku hizi winga hana haja ya kupiga krosi. Atavua kofia, ataiweka juu ya goti, na wewe uliyekuja kutazama mpira utarudi nyumbani umemtazama Clavery.

Kikao chetu ni kibanda umiza cha Nolasco, cha kuonyeshea mpira kwa kiingilio, pale Kayanga, nyuma ya stendi. Kila Jumamosi mchana tunatoka Bugene kwa miguu, yeye na mimi. Mashamba yetu yamepakana, mibuni yake inaangusha kahawa kwangu na migomba yangu inamwangukia yeye, na kwa miaka thelathini hatujagombana ila kwa sababu ya mpira. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jina langu Jasson. Kibandani sina cheo. Mwenye cheo ni Clavery, wanamwita Profesa wa Pembeni.

Uprofesa wake aliupata langoni. Alidakia timu ya kijiji miaka kumi na miwili, na vidole viwili vya mkono wake vimepinda hadi leo kwa sababu ya majalo ya watu, yaani hizo krosi. Kwa hiyo akizungumzia krosi anazungumza kama mtu aliyepigwa anavyoizungumzia fimbo.

"Krosi ya kushoto ipigwe kwa mguu wa kushoto," husema. "Mapema, beki hajageuka. Hapo mpira unamkimbia kipa na kumfuata mshambuliaji. Nikitoka siupati, nikibaki nimekwisha. Lakini mpange winga wa mguu wa kulia upande wa kushoto. Akifika kwenye mstari wa chaki anafanyaje? Anarudi! Na akirudi, mabeki wote wamesharudi, wamekaa, wameagiza chai."

Nolasco, ambaye anaamini kila jambo jipya kwa kuwa ni jipya, humjibu kwa heshima ya kwetu, "Ta Clavery, hayo ya enzi za mababu. Siku hizi winga anaingia ndani, anafunga mwenyewe. Pembeni anapanda beki."

"Na beki akipanda, nyuma anabaki nani? Wewe?"

Basi Clavery atatoa mfukoni kahawa yake ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, aipange juu ya benchi: nne nyuma, nne katikati, mbili mbele. Atasukuma punje moja hadi ukingoni kabisa mwa benchi na kusema huyu ndiye winga. Nolasco akizidiwa na hoja humchukua beki wa kushoto akamtafuna. Tunacheka mpaka watangazaji hatuwasikii.

Nayasimulia haya ili ujue alikuwa mtu wa furaha. Pia ili ujue kwamba maneno yaliyokuja kumchoma yalikuwa yake mwenyewe, na sisi tulikuwa tumeyakariri wote.

Binti yake wa pili anaitwa Kokuhirwa. Ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na ana mbio za kukufanya usimame njiani umtazame. Walipounda timu ya wasichana ya wilaya yetu ya Karagwe, kocha wao alimpanga winga wa kushoto, kwa kuwa kulia palikuwa na mwenyewe na mbio zile hazikufaa kukaa benchi. Clavery alifurahi hadi akapoteza sauti. Mkewe, Adventina, alimshonea binti kifuko cha kubebea viatu.

Mwezi wa sita zikaja habari. Kocha wa timu moja kubwa ya wanawake kule Mwanza angekuja Kayanga kutazama mechi ya wasichana wa Karagwe na wa Kyerwa. Alikuwa anatafuta mchezaji mmoja tu, winga wa kushoto. Angempa mkataba, chumba, na nafasi ya kusoma chuo. Nyumbani kwa Clavery wiki ile hawakuzungumza jambo jingine, na kusema kweli nyumbani kwangu pia.

Siku ya mechi kibanda cha Nolasco kilifungwa, wote tukahamia uwanjani. Tulisimama upande wa kushoto, karibu na chaki, Nolasco kulia kwa Clavery na mimi kushoto kwake. Kocha wa Mwanza, mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe, alikuwa hatua kumi mbele yetu na daftari lake.

Dakika ya tano Kokuhirwa akapewa mpira. Alimpita beki wa Kyerwa kana kwamba beki amekuja kuuliza njia. Akafika kwenye chaki. Mbele ya goli namba tisa wetu alikuwa ameinua mkono, yuko peke yake.

Kokuhirwa akasimama. Akauvuta mpira nyuma, akageuka ili auweke kwenye mguu wa kulia. Alipoinua kichwa, mabeki wanne walikuwa wamemjaa namba tisa pande zote.

"Wameagiza chai," alisema Nolasco. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anataja andiko.

Clavery hakucheka. Dakika ya kumi na nane ikawa vilevile. Dakika ya thelathini vilevile. Kila mara msichana anashinda mbio, kila mara anarudi, na kila mara kofia nyeupe inainama kuandika. Watu wakaanza kupiga kelele, "Kushoto! Piga kushoto!" Mimi nilikuwa natazama miguu ya Clavery. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unarukaruka pale chini peke yake, ukimpigia binti yake krosi ambazo hazikufika.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana magoli, nasi tukahama upande tukimfuata. Mbele yetu kabisa, alibaki yeye na chaki na uwanja mweupe. Namba tisa alimwita kwa jina. Safari hii hakurudi. Alipiga kwa mguu wa kushoto, na mpira ukaenda kwenye migomba nyuma ya goli, mbali, ukamwangukia mwanamke aliyekuwa anakata majani. Uwanja mzima ulicheka. Kokuhirwa alisimama akiutazama ule mguu kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Basi," Nolasco alisema kwa huruma, "Mungu hakumpa mguu wa kushoto. Tufanyeje?"

Mungu alimpa. Alimpa mguu na mkono, vyote viwili, na waliomnyang'anya walikuwa wamesimama pale pale kando ya Nolasco.

Kokuhirwa alizaliwa na mashoto. Akiwa na miaka mitatu alinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia la ndizi, na bibi yake, marehemu Pulkeria, akalisukuma sinia kando. "Mtoto wa kike wa mashoto!" alisema. "Siku atakayompakulia baba mkwe kwa mkono huo, atarudishwa hapa na vyombo vyake." Clavery alimpenda mama yake, na alimpenda binti yake. Kwa mapenzi hayo mawili akachukua kamba ya mgomba, akawa anamfunga mtoto mkono wa kushoto kiunoni kila wakati wa kula, kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka. "Mkono huu hauli," alimwambia, kila siku, kwa upole. Niliona kwa macho yangu kutoka upande wangu wa mpaka, na nikasema samaki mkunje angali mbichi. Nilikuwa mwalimu, methali nilikuwa nazo nyingi.

Mguu nao ulifuata. Jioni Clavery alikuwa akisimama kati ya mibuni miwili, kipa mzima wa kijiji, mtoto akimpigia mpira wa majani makavu ya mgomba. Ukija kwa mguu wa kushoto alisema, "Halihesabiwi." Ukija kwa wa kulia alijirusha vumbini upande usio wa mpira kwa makusudi, mpira ukapita, akapiga kelele, "Bao!" hadi kuku wakakimbia. Sasa niambie, mtoto gani hatauchagua mguu unaohesabiwa?

Na mimi? Mimi nilimpokea darasa la kwanza. Kwao walizungumza Kinyambo tu, Kiswahili alikikuta kwangu. Wiki ya pili nikauliza darasa, "Mkono wa kulia ni upi?" Kokuhirwa akainua wa kushoto. Nikampiga rula kwenye vidole. Nikauliza tena, akainua ule ule, machozi yakimtoka. Wenzake walicheka, nikampiga tena. Ilinichukua miaka kuelewa. Wiki ile ya kwanza shuleni neno alilolisikia zaidi lilikuwa "acha kulia". Kwa hiyo nilipouliza mkono wa kulia, alinionyesha ule aliokuwa anafutia machozi. Alinijibu sawasawa. Nilimpiga kwa jibu sahihi.

Kufikia mwezi wa tatu aliandika kwa mkono wa kulia, hati nzuri kuliko wote darasani. Nilijisifu mbele ya walimu wenzangu.

Haya yote yalipita kati yangu na Clavery pale uwanjani bila neno. Aligeuza uso akanitazama, nikamtazama, kisha kila mmoja akarudisha macho yake kwenye mpira. Tulipoteza mbili kwa sifuri. Krosi ya bao la pili ilitoka kushoto, mapema, kwa mguu wa kushoto wa winga mdogo wa Kyerwa, mpira ukamkimbia kipa wetu kama ulivyoandikwa kwenye benchi la Nolasco.

Baada ya filimbi kocha alimjia Clavery. Tuliamkiana.

"Mzee, hongera. Binti yako ana mbio, ana pumzi, ana moyo," alisema. "Lakini namchukua yule wa Kyerwa. Mimi nataka mtu wa mashoto."

"Akifanya mazoezi?" Clavery aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miezi mitatu, minne?"

"Utamfundisha kupiga, atapiga. Lakini kule kwenye chaki hakuna muda wa kufikiri, mguu unaamua wenyewe." Alifunga daftari. "Mashoto, mzee, mtu anazaliwa nayo."

"Ndiyo, kocha," alisema Clavery.

Nilimsubiri aseme. Nilitamani aseme na nilitamani anyamaze, maana akisema yake nami ingenibidi niseme yangu. Kocha akatuaga, akaenda kumtafuta yule wa Kyerwa.

Kibandani Clavery hakuonekana Jumamosi mbili. Nilijua alipo. Alikuwa kati ya mibuni ile ile miwili, sasa imekua imekuwa mizee kama sisi, mikono kaitanua, na binti yake akimpigia mpira kwa mguu wa kushoto. Asubuhi mara hamsini, jioni mara hamsini. Mpira ulikwenda kwenye maharage, kwenye banda la mbuzi, kwenye ukuta wa jiko la Adventina. Siku moja ukaja taratibu, ukibingirika kama chungwa, akauacha upite kati ya miguu yake. "Bao!" akapiga kelele. "Hilo linahesabiwa, mwanangu! Linahesabiwa!" Kokuhirwa alisimama akishika goti, akamtazama baba yake asielewe anapiga kelele za nini. Mimi nilikuwa napalilia upande wangu. Niliinama zaidi.

Jumapili iliyofuata walinialika chakula baada ya ibada. Ndizi na maharage, Adventina alikuwa ameviandaa vizuri. Kokuhirwa alituletea maji ya kunawa, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia marahaba.

Tulipokaa, Clavery hakugusa chakula. "Kokuhirwa," alisema, "leo kula kwa mkono huo mwingine."

Adventina aliacha kupakua. Binti alidhani ni utani, akacheka. "Baba! Mkono huu hauli."

"Jaribu tu. Mkono ukizoea, huenda mguu nao ukakumbuka." Kisha yakamtoka yote, bila mpangilio: kamba ya mgomba, Kwaresima, sinia la bibi, mabao aliyoyakataa. "Ulikuwa na mashoto, mwanangu. Ulizaliwa nayo. Mimi ndiye niliyekuvunja huo mguu." Nami nikasema kuhusu rula. Nilisema nikiangalia meza.

Kokuhirwa alitusikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri akasirike. Hadi leo nasema, heri angekasirika.

"Najua, Baba. Kamba naikumbuka kidogo," alisema. "Lakini mlinisaidia. Shuleni kulikuwa na wenzangu wa mashoto, walichekwa sana. Mimi sikuchekwa hata siku moja. Na Mwalimu alinipa hati nzuri." Alitutazama kwa zamu kama mtu anayebembeleza watoto. "Ni bahati yangu tu haikuwepo. Kuleni, chakula kinapoa."

Akachukua sahani, akaijaza, akapiga goti mbele ya baba yake. Akamkabidhi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia kiwiko kwa heshima, kama tulivyomfundisha.